Kirukanjia wa Kisiwa cha Krismasi: alidhaniwa ametoweka, akarudi, kisha akatoweka

Nilipokuwa mdogo, asubuhi moja nilimkuta kirukanjia amelala chali katikati ya kinjia cha kwenda kisimani. Hakuzidi kidole changu cha leo. Shingoni alikuwa na vitundu viwili, na paka wetu alikaa pembeni akijilamba miguu. Bibi hakushangaa hata kidogo. Alinieleza kwamba mnyama yule hana ruhusa ya kuvuka njia ya watu. Akithubutu kuiruka, hafiki ng'ambo. Ndilo jina lake hilo, akasema, na ndicho kifo chake.

(Najua wapo watakaokunja uso kwa neno hili, maana limegeuzwa tusi la kumtukania mwanamke. Mnyama hana hatia katika hilo, na mimi nitamwita kwa jina lake.)

Miaka mingi baadaye, nikisoma habari za wanyama, nilikuta kwamba bibi aliona sawasawa, ila sababu ni nyingine. Kirukanjia ana tezi za harufu kali ubavuni. Paka humrukia akidhani ni panya, humng'ata, huionja harufu ile, kisha humtema na kwenda zake. Mzoga ukiangukia kwenye majani, hakuna atakayejua. Ukiangukia njiani, kila mpita njia anauona. Basi watu vizazi na vizazi wamekuwa wakimwona kirukanjia akiwa tayari amekufa, tena njiani, na kwa nadra sana wakimwona akiwa hai. Naomba msomaji alishike hilo, kwa sababu habari ninayotaka kuieleza haieleweki bila hilo.

Tarehe 10 Oktoba 2025, kwenye mkutano mkuu wa uhifadhi uliofanyika Abu Dhabi, Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, lilitoa toleo jipya la Orodha Nyekundu, yaani daftari la dunia la viumbe walio hatarini. Miongoni mwa waliohamishiwa ukurasa wa waliotoweka alikuwamo ndege aitwaye sululu, mwenye mdomo mwembamba, aliyekuwa akisafiri kati ya Siberia na Afrika Kaskazini, wanyama watatu wa Australia wa jamii ya bandikuti, wenye mfuko kama kangaruu, na kirukanjia wa Kisiwa cha Krismasi, Crocidura trichura. Vyombo vingi vya habari vilimpa sululu picha na maelezo. Kirukanjia alipewa mstari mmoja.

Mstari huo una fumbo. Mara ya mwisho mtu kumshika kirukanjia huyo ilikuwa mwaka 1985. Kwa nini basi kifo chake kitangazwe miaka 40 baadaye? Tena ukirudi nyuma zaidi unakuta kwamba mwaka 1908 tayari alikuwa amehesabiwa kuwa ametoweka. Mnyama huyu alifutwa, akarudishwa, akafutwa tena. Ili kuelewa ilikuwaje, tuanze na mnyama mwenyewe.

Kirukanjia si panya. Panya ana meno mawili makubwa ya mbele yasiyokoma kukua, na ndiyo maana hutafuna kila kitu, hadi mlango na waya wa umeme. Kirukanjia ana safu ya meno madogo yaliyochongoka, ya kupasulia mende, nyungunyungu na panzi. Pua yake ni ndefu kupita kidevu na haitulii, inatikisika huku na huku ikinusa. Macho ni kama punje za ulezi. Ndugu zake wa karibu ni kalunguyeye na fuko wa Ulaya. Na hapa watu wengi huchanganya: sange, yule mwenye pua kama mkonga anayekimbia kwenye majani makavu ya Arabuko-Sokoke na Jozani, anafanana na kirukanjia kwa sura na kwa chakula, lakini kwa nasaba yuko karibu zaidi na tembo, nguva na pimbi. Kula wadudu kumewapa sura moja wanyama wasio na babu mmoja wa karibu.

Jenasi ya Crocidura, yaani ukoo wa virukanjia hawa, ina spishi, yaani aina, karibu 200, na hakuna jenasi nyingine ya mamalia duniani yenye spishi nyingi kiasi hicho. Wengi wao wako Afrika, pamoja na hawa wa mashambani na misituni kwetu. Kwa hiyo yule wa Kisiwa cha Krismasi, mbali kote huko mashariki mwa Bahari ya Hindi, alikuwa wa ukoo uleule wa aliyelala kwenye kinjia cha kisimani. Alikuwa na uzito wa gramu 5 au 6, sawa na sarafu moja. Mkia wake ulikuwa mrefu, wenye vinywele vyembamba, na jina trichura limetokana na mkia huo.

Mwili mdogo namna hiyo hupoteza joto haraka, kama chai iliyomiminwa kwenye kikombe kidogo inavyopoa kabla ya ile ya birika. Ili asife baridi, kirukanjia lazima ale mchana na usiku, analala kidogo, anaamka, anawinda, analala tena. Akikosa chakula kwa saa chache anaweza kufa. Umri wake ni mfupi, mwaka mmoja au miwili. Lakini katika maisha hayo ya mbio kuna jambo moja ambalo kila ninapolifikiria linanigusa: kwa virukanjia wa jenasi hii, kiota kikisumbuliwa, mama hutoka na watoto wakamfuata kwa msafara. Mtoto wa kwanza humng'ata mama manyoya ya karibu na mkia, wa pili humng'ata wa kwanza, wa tatu wa pili, mpaka wa mwisho, na wote hukimbia kama kamba moja nyeusi inayoteleza chini ya majani. Ukimwinua mama, wote wananing'inia.

Kisiwa cha Krismasi kipo kilomita 350 hivi kusini mwa Java, kisiwa cha Indonesia. Kina ukubwa wa kilomita za mraba 135 tu, ni mwamba wa chokaa ulioinuka kutoka baharini, una genge pande karibu zote na msitu mnene juu. Nahodha Mwingereza, William Mynors, alikipita siku ya Krismasi ya mwaka 1643 akakipa jina hilo. Kwa zaidi ya karne mbili baada yake, hakuna aliyehamia. Wanyama wanyonyeshao walikuwa wa aina tano tu, na zote hazikupatikana mahali pengine: panya wa aina mbili, popo mkubwa wa matunda, popo mdogo wa wadudu, na kirukanjia. Popo waliruka wakafika. Panya na kirukanjia walikuja kwa maji, bila shaka wakiwa juu ya miti na magugu yaliyosombwa na mito ya visiwa vya jirani, zamani za kale. Safari kama hiyo hutokea mara moja katika maelfu ya miaka, na wengi wanaosombwa hivyo hufia baharini.

Mwaka 1888 Uingereza ilikitwaa kisiwa kwa sababu ya fosfati. Kwa muda mrefu mno kinyesi cha ndege kilikuwa kimejikusanya kwenye ule mwamba na kugeuka madini ya mbolea. Kampuni ikaundwa, vibarua wakaletwa kutoka China na Singapore, gati likajengwa. Kabla uchimbaji haujashika kasi, Makumbusho ya Uingereza ilimtuma mwanasayansi Charles William Andrews akaandike kila kilichopo. Alikaa huko miezi kumi, mwaka 1897 na 1898. Ni bahati kubwa kwamba alitumwa. Bila yeye tusingejua chochote kuhusu kisiwa kilivyokuwa kabla ya meli kuanza kupishana.

Andrews aliandika kwamba kirukanjia alikuwa kila mahali. Aliishi kwenye mianya ya mawe na mizizi ya miti, na chakula chake kilionekana kuwa hasa mbawakawa wadogo. Usiku, aliandika, mlio wake mwembamba, kama wa popo, ulisikika pande zote. Hebu fikiria kuwa umekaa mlangoni mwa hema usiku, taa ya mafuta imepunguzwa, na giza lote linalokuzunguka linatoa vimlio hivyo, hapa, pale, nyuma yako, chini ya jiwe ulilokalia. Hivyo ndivyo kisiwa kilivyosikika mwaka 1898.

Mwaka 1899 meli iitwayo Hindustan ilitia nanga. Pamoja na mizigo, ilishusha panya weusi, hawa tuliowazoea madukani na darini. Tarehe hiyo inajulikana kwa sababu watu waliokuwapo waliikumbuka, kutokana na yaliyofuata.

Daktari Herbert Durham alifika kisiwani miaka miwili hivi baadaye. Alikuja kuchunguza beriberi iliyokuwa ikiua vibarua, lakini macho yake yakaona na jambo jingine. Panya wa asili, waliokuwa wanyama wa usiku, walikuwa wakitambaa njiani mchana kweupe, wamedhoofika, wengine wanakufa mbele ya watu. Mpaka mwaka 1903 hivi walikuwa wamekwisha. Andrews alirudi mwaka 1908, akazunguka kisiwa chote, hakumpata hata panya mmoja wa asili. Na usiku hakusikia ule mlio. Akahitimisha kwamba panya wa aina zote mbili na kirukanjia wametoweka. Miaka kumi tu ilikuwa imepita.

Kilichowaua ni nini? Zamani wengi walidhani panya wageni waliwashinda nguvu wenyeji, wakawanyang'anya chakula na makao. Maelezo hayo yanatosha kwa kupungua polepole. Hayatoshi kwa kisiwa kizima kufagiliwa katika miaka minne, wala hayaelezi wanyama kuyumbayumba njiani mchana. Mwaka 2008 kundi la watafiti lilichukua vipande vya ngozi vya panya wale waliohifadhiwa kwenye makumbusho, wengine wakiwa wamekamatwa kabla ya 1899 na wengine baada yake, wakatafuta ndani yake alama za vinasaba za vimelea. Waliokamatwa kabla ya meli walikuwa safi. Miongoni mwa waliokamatwa baada yake walikutwa wenye trypanosoma.

Sisi hatuna haja ya kufundishwa trypanosoma ni kitu gani. Ni jamii ileile ya vimelea inayoletwa na mbung'o, inayosababisha malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Ya panya huitwa Trypanosoma lewisi, na anayeisambaza ni kiroboto. Panya mweusi ameishi nayo tangu enzi, anaibeba na wala haimsumbui sana. Wenyeji wa kisiwa hawakuwahi kukutana nayo, na miili yao haikuwa na kinga yoyote dhidi yake. Babu zetu waliona jambo la namna hii kwa macho yao katika muongo uleule: sotoka ilipoingia Afrika Mashariki karibu mwaka 1890, ikitokea kwa ng'ombe wa ng'ambo, iliangusha mifugo na nyati kwa wingi usioelezeka, ikawaacha Wamaasai na wafugaji wengine na njaa. Ugonjwa uliozoeleka kwa mmoja ni moto kwa mwingine. Kisiwani, moto huo ulishuka gatini pamoja na mizigo.

Kwa panya, ushahidi ni wa vinasaba. Kwa kirukanjia ni wa wakati: alijaa kila kona kabla ya meli, akanyamaza miaka michache baada yake, pamoja na panya. Wanasayansi wengi huona sababu ni ileile, labda ikisaidiwa na paka walioletwa na walowezi. Mimi naona ni haki kusema hivyo, mradi tusiunganishe ushahidi wa aina mbili tukaufanya mmoja.

Kutoweka kwa panya peke yake kulibadilisha kisiwa. Kisiwa cha Krismasi leo kinajulikana kwa kaa wekundu, mamilioni kwa mamilioni, wanaoshuka kutoka msituni kwenda baharini kila mwaka mvua zinapoanza, mpaka barabara zinafungwa.  Baadhi ya wanasayansi wanadhani kaa waliongezeka kupita kiasi baada ya panya waliokuwa wakiwala kufa. Kama ni hivyo, ajabu ile inayovuta watalii ni alama ya jeraha.

Turudi kwa kirukanjia. Miaka 50 ilipita baada ya safari ya pili ya Andrews bila mtu kumwona. Mwaka 1958 wafanyakazi waliokuwa wakisafisha msitu kwa katapila, ili fosfati ichimbwe, waliwaona wawili. Walikuwa hai. Wakaachiliwa.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lenyewe. Kutoonekana na kutokuwepo ni vitu viwili, na kwa mnyama mkubwa tofauti yake si kubwa. Faru akiisha Ngorongoro, mwezi haupiti askari wa wanyamapori wakajua. Lakini mchukue mnyama wa gramu 5, anayeishi ndani ya nyufa za mwamba, anayetoka usiku, asiyeacha alama ya mguu, mwenye sauti inayoelekea kwenye mlio wa popo ambao masikio ya wazee hayaushiki tena. Mtafute katika hekta 13,500 za msitu na mawe. Ukitega mtego wa chambo, kaa wanafika kabla yake. Ukifukia ndoo ardhini ili atumbukie, wanatumbukia kaa. Njia ya kumtafuta inazibwa na wingi wa wanyama wengine. Na paka wa nyumbani, ambaye angemwacha njiani watu wamwone kama alivyofanya wa kwetu, hakuwinda msituni.

Kwa hiyo Andrews hakukosea alichoona mwaka 1908. Alikosea alichohitimisha. Virukanjia waliobaki walikuwa wachache mno kusikika, lakini walikuwepo, na kwa umri wao mfupi walizaana vizazi kadhaa wa kadhaa katika ile nusu karne ambayo vitabu viliwahesabu kuwa maiti. Inanitia simanzi kidogo kufikiri kwamba katika kipindi hicho chote, ambacho msitu ulikuwa ukikatwa na fosfati kusombwa, hakuna aliyewauliza wachimbaji waangalie chini, kwa kuwa hakuna anayemlinda asiyekuwepo.

Mwezi Desemba 1984 alipatikana jike mmoja. Waliompata, Hugh Yorkston na Jeff Tranter, walikuwa wanabiolojia, hivyo safari hii hakuachiliwa. Alitiwa kwenye kizimba cha kioo akalishwa panzi. Aliishi zaidi ya mwaka mmoja, muda ambao kwa kirukanjia ni sehemu kubwa ya maisha. Machi 1985 akapatikana wa pili, dume, naye alikuwa mgonjwa. Alikufa baada ya wiki tatu hivi. Katika wiki hizo tatu, dume na jike wa spishi hiyo walikuwa hai mikononi mwa watu kwa wakati mmoja. Hawakuacha mtoto. Hakuna mwingine aliyeonekana tangu hapo.

Kundi likishapungua kufikia hali hiyo, maadui wake huwa si wale wa mwanzo. Ugonjwa wa 1900 ulimfikisha ukingoni. Waliomsukuma walikuja baadaye, na kila mmoja alifika kwa chombo cha binadamu. Paka wa kufugwa walikimbilia msituni wakawa wa mwitu. Nyoka mdogo wa Asia, anayeweza kuingia kwenye mwanya uleule anaolala kirukanjia, aligunduliwa kisiwani katika miaka ya 1980. Halafu sisimizi wa manjano, wale wenye mwendo wa kichaa, walioishi huko kimya kwa miongo mingi, ghafla wakaanza kujenga makundi makubwa yasiyo na mipaka kati ya kichuguu na kichuguu. Makundi hayo yalitambuliwa mwaka 1989, na miaka kumi hivi baadaye yalikuwa yakiua kaa kwa mamilioni kwa kuwamwagia asidi. Kaa mwekundu ana gamba. Kirukanjia alikuwa na manyoya tu.

Kisha kuna hesabu ya uchache wenyewe. Mnyama anayeishi mwaka mmoja au miwili hana muda wa kumsubiri mwenzake. Akizaliwa bondeni upande huu na dume wa pekee yuko mwamba wa upande ule, maisha yao yote mawili yatapita bila kukutana. Hakuna aliyewaua hao, lakini hawatakuwa na watoto.

Sasa lile swali la miaka 40. Kanuni ya IUCN inasema spishi itangazwe kuwa imetoweka pale tu pasipo na shaka ya msingi kwamba mmoja wao wa mwisho amekufa. Utafutaji uwe umefanywa kikamilifu, kwenye makazi yake, kwa nyakati zinazofaa, na kwa muda unaolingana na maisha yake. Ukali huo una sababu. Jina likishaingia kwenye ukurasa wa waliotoweka, fedha za kumtafuta zinakoma, na msitu aliokuwa anaulinda kwa kuwepo kwake unabaki bila wakili. Ukikosea kumtangaza, unaweza kuwa wewe ndiye uliyemmaliza. Kirukanjia huyu alikwisha kuwadhihaki waliomfuta mara moja. Haikuwa ajabu kwamba mara ya pili walisita. Watafiti walirudi kumtafuta, mitego ikategwa, miaka ikaongezeka, mpaka kusema “labda” kukawa hakuna msingi. Kwa hesabu ya wanasayansi wa Australia, nchi iliyokabidhiwa kisiwa mwaka 1958, ni spishi ya 39 ya mamalia kupotea tangu Wazungu walipohamia huko mwaka 1788. Na Australia haikuwa na kirukanjia mwingine wa asili.

Kulikuwa na tatizo jingine la daftari, ambalo watu nje ya sayansi hulipuuza. Kwa muda mrefu alihesabiwa kuwa aina tu ya kirukanjia aliyeenea Asia, si spishi yake mwenyewe. Aliyeandikwa kama tawi la mti mkubwa hapewi uzito wa aliyeandikwa kama mti. Alipokuja kutambuliwa kuwa spishi kamili, alikuwa haonekani tena.

Wapo wanaouliza kama hawezi kurudishwa kwa vinasaba. Jibu lilikuja kupitia jirani yake. Mwaka 2022 watafiti walichapisha kazi yao juu ya panya wa Maclear, mmoja wa wale wawili waliokufa kwa trypanosoma. Walisoma DNA yake kutoka ngozi za makumbusho na kuilinganisha na ya panya wa kahawia wa mijini. Walipata sehemu kubwa sana, lakini karibu asilimia 5 haikupatikana kwa namna yoyote. Sehemu zilizokosekana hazikutawanyika ovyo. Zilihusu hasa kinga ya mwili na uwezo wa kunusa. Yaani hata kama angetengenezwa, angetoka bila pua yake mwenyewe, na bila kinga, ambayo kukosekana kwake ndiko kulikomkosesha uhai. Kwa mnyama anayeijua dunia kwa pua, huyo angekuwa mwingine.

Mtu anaweza kusema kisiwa hicho ni mbali, tuna yetu. Yetu ndiyo hasa yanayonifanya niandike. Milima yetu ya Tao la Mashariki, kuanzia Taita hadi Udzungwa, ni visiwa vya msitu juu ya nyika kavu, na juu yake wapo virukanjia wasiopatikana kwingineko. Crocidura tansaniana yuko Usambara. Crocidura telfordi yuko Uluguru na Udzungwa. Myosorex geata yuko Uluguru. Hakuna mtalii anayewafuata, wala hawana picha kwenye noti. Msitu ukikatwa upande mmoja wa mlima, hawawezi kushuka bondeni na kupanda mlima wa pili, kama vile yule asivyoweza kuogelea hadi Java.

Na meli tunazijua. Kirukanjia mkubwa anayenuka sana, anayekimbia kwa kufuata kuta za maghala ya Mombasa na Unguja, ni mgeni wa Asia aliyefika kwa vyombo. Kunguru wa India waliletwa Unguja katika miaka ya 1890, muongo uleule wa Hindustan, na leo kila mkazi wa Dar es Salaam anajua wamewafanyia nini ndege wadogo. Lakini pia tunajua kwamba jambo hili lina dawa likiwahiwa. Katika Kisiwa cha Chumbe, kusini magharibi mwa Unguja, panya weusi walifutwa kabisa mwaka 1997.  Leo kaa wa nazi, yule mkubwa anayepanda miti, wanatembea Chumbe usiku kwa amani.

Kutowahi ndiko mkasa wa mwisho wa Kisiwa cha Krismasi. Popo wake mdogo wa wadudu, Pipistrellus murrayi, mwenye gramu zinazokaribia za kirukanjia, alianza kupungua mbele ya macho ya watafiti. Hakuhitaji kukisiwa: kuna vyombo vinavyonasa mlio wa popo, na kila mwaka vilinasa michache kuliko mwaka uliotangulia. Wataalamu waliomba ruhusa wakamate waliobaki wawazalishe vizimbani. Ruhusa ilikuja mwaka 2009, ikiwa tayari wamebaki wachache wa kuhesabika kwa vidole.

Kikosi kilipofika Agosti, kilimsikia mmoja tu. Walitandaza nyavu kwenye njia aliyopita kila jioni, wakakaa gizani na vyombo vyao. Alipita, vyombo vikaonyesha mlio wake, nyavu hazikumshika. Tarehe 26 Agosti 2009 alisikika. Usiku uliofuata waliwasha vyombo saa ileile, mahali palepale, na kukawa kimya.

Andrews, alipotaka kuwaeleza watu wa London jinsi kirukanjia alivyolia, alisema ni kama popo.